Nyumba Uliyoandikishwa Pamoja na Mzazi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya watu huyauliza kwa kunong'ona, kana kwamba kuuliza tu ni kumtukana mzazi. Hapa tutayauliza kwa sauti. Ukurasa huu ni wa mtu mzima ambaye jina lake liko kwenye hati ya nyumba pamoja na la baba au mama, au aliyetoa fedha zake na jina halimo. Sheria hutofautiana, na nyumba hufuata sheria ya mahali iliposimama, si ya mahali unapoishi wewe. Kwa hiyo wakili wa kumwendea kabla ya kusaini chochote ni wa huko nyumba iliko.

Jina langu liko kwenye hati pamoja na la mama. Si inatosha?

Inatosha kuonyesha kwamba wewe ni mmiliki. Haisemi unamiliki kiasi gani, wala nini kitatokea mmoja wenu akifariki. Na hapo ndipo ugomvi mwingi unapozaliwa.

Watu wawili wanaweza kumiliki nyumba moja kwa namna mbili. Ya kwanza ni umiliki usiogawanyika: hakuna fungu la mama wala fungu lako, nyote mnamiliki nyumba nzima kama mtu mmoja. Mmoja akifa, nyumba inabaki kwa aliye hai bila kupitia mirathi, na hata kama marehemu aliacha wasia, wasia huo hauigusi nyumba. Ya pili ni umiliki wa mafungu. Kila mmoja ana sehemu yake, iwe nusu kwa nusu, iwe asilimia 70 kwa 30. Sehemu yako ukifa inaingia kwenye mirathi yako, na ukiwa hai unaweza kuiusia. Katika nchi nyingi unaweza hata kuiuza, ingawa kumpata mtu wa kununua nusu ya nyumba ambayo mama wa mwenzake anaishi ndani si kazi ndogo.

Watoto wengi niliowahi kuwasikia hujiamini kwamba wako kwenye namna ya kwanza: "Mama akitangulia, nyumba ni yangu, jina langu limo." Wengi wao hawajawahi kuangalia.

Nitajuaje tuko kwenye namna ipi?

Fanya upekuzi kwenye ofisi ya ardhi au ya msajili wa hati. Usitosheke na nakala iliyoko kabatini, kwa sababu kinachohesabika ni kilichoandikwa kwenye rejista leo. Upekuzi utakuonyesha majina, aina ya umiliki, kama kuna rehani, na kama kuna zuio, yaani ilani ya mtu mwingine anayedai haki humo. Unaweza kuufanya bila kumwambia mtu, lakini mimi ningemwambia mzazi. Akisikia kwa jirani kwamba "mwanao alionekana ofisi ya ardhi", utakuwa umeanza vibaya.

Kuna jambo ambalo wasomaji wa Kenya na Tanzania wanapaswa kulijua. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya Kenya ya 2012, na Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya 1999, ziliufanya umiliki usiogawanyika kuwa wa wanandoa. Watu wengine, mzazi na mwana wakiwemo, hawawezi kuuanzisha mpaka mahakama itoe kibali. Wakijiandikisha hivyo bila kibali, sheria inawahesabu kuwa wamiliki wa mafungu. Kwa maneno mengine, mama akifariki, fungu lake linakwenda kwenye mirathi yake, na ndugu zako wana haki ya kuuliza habari zake. Uingereza ni tofauti: huko mzazi na mwana wanaweza kumiliki kwa namna isiyogawanyika, na mmoja akitaka kuivunja, sheria ya 1925 inamruhusu kufanya hivyo kwa notisi ya maandishi kwa mwenzake, apende asipende.

Hati haitaji mafungu. Nililipa asilimia 80 ya bei. Nina asilimia 80?

Usitegemee hivyo. Mara nyingi mahakama huanza na dhana kwamba wamiliki walioandikwa bila mafungu wana haki sawa, halafu inamwachia anayedai zaidi kazi ya kuthibitisha. Na kuthibitisha kunataka karatasi: hawala ya benki, mkataba wa mauzo, barua au ujumbe unaoonyesha mlivyokubaliana siku ile mliponunua, si miaka kumi baadaye mlipokosana.

Hapa niseme neno kuhusu risiti. Zile zinazotoka kwenye mashine, zenye karatasi laini, hufutika. Nimeona mfuko mzima wa risiti za saruji, mabati na nyaya za umeme, umetunzwa kwa uaminifu miaka minane, na ukizitoa ni vikaratasi vyeupe vitupu vyenye kivuli cha rangi ya kijivu pembeni. Zipige picha siku hiyohiyo, na nyuma ya kila moja uandike kwa kalamu ni ya kazi gani. Malipo makubwa yapitishe benki au simu, usilipe taslimu, ili rekodi ibaki hata karatasi ikipotea.

Nalipa mkopo peke yangu kila mwezi. Fungu langu linaongezeka?

Si lenyewe. Kulipa mkopo kunaweza kukupa dai la kurudishiwa au la kuhesabiwa zaidi siku ya kuuza, lakini hakubadilishi rejista. Matengenezo nayo hayako sawa yote. Paa jipya au chumba kilichoongezwa hupandisha thamani ya nyumba na huhesabiwa kwa urahisi zaidi. Rangi, bili za maji na kubadilisha kitasa ni gharama za kuishi tu. Mkitaka malipo yabadilishe mafungu, andikeni hivyo, kisha mkayasajili mafungu mapya.

Nilimjengea baba nyumba, lakini hati ni ya jina lake tu. Nimepoteza?

Hujapoteza, ila uko kwenye kona ngumu kuliko wote wanaosoma ukurasa huu. Mambo mawili yanaweza kukusaidia.

La kwanza ni kanuni ya zamani katika nchi zilizorithi sheria ya Kiingereza. Mtu akitoa fedha za kununua mali ikaandikwa jina la mwingine, mahakama inaweza kumhesabu aliyeandikwa kuwa ameishika mali hiyo kwa niaba ya mtoa fedha. Baba akimnunulia mwanawe, kwa desturi ya mahakama hizo ilichukuliwa kuwa ni zawadi. Mwana akimlipia baba, dhana hiyo ya zawadi haipo. Kwa hiyo kauli ya "alinipa tu, ni mwanangu" inahitaji ushahidi kama kauli yako inavyohitaji.

La pili ni ahadi. Kama baba alikwambia "jenga, hapa ni kwako", ukajenga kwa kuitegemea kauli hiyo, baadhi ya mahakama hukataa kumruhusu ageuke. Lakini nani aliyesikia?

Wakati baba yu hai na ana nia njema, usiende kortini. Mwombe asaini tamko mbele ya wakili na mashahidi, linalotaja kiasi ulichotoa na haki uliyonayo, au aliongeze jina lako kwenye hati. Kazi ya siku moja leo inaweza kukuepusha na kesi ya miaka mingi.

Makubaliano kati yangu na mzazi yataje nini?

Yataje mafungu kwa tarakimu. Yataje nani alitoa nini mwanzoni, nani analipa mkopo, kodi ya ardhi, bima na matengenezo makubwa, na ni kiasi gani kinachohitaji wote wawili wakubali kabla hakijatumika. Yaseme nani ana haki ya kuishi humo, na kama mzazi anabaki na haki hiyo mpaka mwisho wa maisha yake. Kipengele hiki cha mwisho ndicho kinachomtuliza mzazi kuliko vyote, kiweke juu. Kisha njia ya kutoka: mmoja akitaka kuuza, mwenzake anapata nafasi ya kwanza kununua, ndani ya muda gani, kwa bei iliyowekwa na mthamini yupi.

Sahihi ziwe mbele ya wakili, na mzazi awe na wakili wake mwenyewe, si wako. Hilo linaonekana ni gharama ya bure mpaka siku dada yako atakaposema mama alisainishwa kitu asichokielewa.

Mzazi anaweza kuuza nyumba bila mimi?

Nyumba nzima, hapana. Sahihi ya kila mmiliki inatakiwa. Fungu lake yeye, katika nchi nyingi anaweza. Kuna hatari mbili halisi: sahihi ya kughushi, na hati ya uwakilishi uliyoitoa zamani ukasahau, ile inayompa mtu mamlaka ya kusaini kwa niaba yako. Kama ulimpa mzazi au ndugu hati ya namna hiyo wakati unasafiri, soma tena inasema nini. Ikiwa inaruhusu kuuza na hukukusudia hivyo, ifute kwa maandishi, na uwapelekee notisi aliyekuwa nayo na ofisi ya ardhi.

Zuio ni nini, na niliweke lini?

Ni ilani inayoandikwa kwenye rejista kwamba mtu fulani anadai haki kwenye nyumba, ili isihamishwe kimyakimya. Ni silaha ya yule ambaye jina lake halimo kwenye hati. Aliyemo tayari ana sahihi yake, ingawa anayeishi mbali anaweza kulihitaji. Usiliweke kwa hasira wala kwa madai ambayo huwezi kuyatetea, maana ukimsababishia mtu hasara bila sababu ya haki unaweza kudaiwa fidia.

Baba ana madeni. Wadai wake wanaweza kuchukua nyumba?

Wanaweza kulifuata fungu lake, na katika nchi kadhaa mahakama inaweza kuamuru nyumba iuzwe kisha wewe upewe chako. Kama mlisaini mkopo pamoja, hali ni nzito zaidi: benki kwa kawaida inaweza kumdai yeyote kati yenu deni lote, si nusu. Soma fomu ya mkopo utafute neno linalosema mnawajibika "kwa pamoja na kila mmoja peke yake". Maneno hayo machache yana uzito kuliko kurasa zote zinazofuata.

Usisaini rehani ya biashara ya mzazi kwa adabu tu. Unaweza kumheshimu na bado ukamwambia, "Baba, nipe wiki moja niisome."

Mama ameolewa tena na mume amehamia. Je, haki yangu imepungua?

Fungu lako halikuguswa. Kilichobadilika ni upande wa mama. Mume mpya anaweza kuwa mrithi wake kisheria, na nchi nyingi hulinda makao ya wanandoa, kiasi kwamba ridhaa yake inaweza kutakiwa kabla ya kuuza au kuweka rehani. Jambo hilohilo linamhusu mume au mke wako wewe. Mkiachana, fungu lako kwenye nyumba ya mama linaweza kuwekwa mezani pamoja na mali zenu nyingine. Wazazi hulifikiria hili mapema kuliko watoto, na mara nyingine ndiyo sababu wanasita kukuandika, ila hawasemi.

Ndugu zangu wanasema nyumba ni ya baba na yangu ni jina tu. Nifanye nini?

Inategemea wanasema kweli au la. Tuanze na upande usiokupendeza. Wazazi wengi huongeza jina la mtoto mmoja ili iwe rahisi kushughulikia bili na benki, bila nia ya kumpa nyumba. Kama ndivyo ilivyokuwa, na ndugu zako wakathibitisha, mahakama inaweza kusema uliishika kwa niaba ya familia. Kama sivyo, unahitaji nia ya baba iliyoandikwa na baba.

Kinachoingia kwenye mirathi ya baba ni fungu la baba peke yake. Lako halirithiwi, kwa sababu si lake. Hili hupotea kabisa kwenye vikao vya familia, ambako nyumba nzima huwekwa katikati na kila mtu anakata kipande. Msimamizi wa mirathi anapoorodhesha mali za marehemu, hakikisha ameandika "fungu la marehemu kwenye nyumba", si "nyumba".

Na kama mirathi inafuata sheria ya Kiislamu, usitegemee wasia wa kukuongezea. Wasia hauvuki theluthi moja ya mali, na kwa mrithi haupiti bila ridhaa ya warithi wenzake. Baba akitaka kukupa wewe fungu lake, njia ni hiba, yaani zawadi, akiwa hai na mwenye afya, na ukabidhiwe kweli. Maneno ya kitandani hayatoshi.

Mama ameanza kusahau. Tumechelewa?

Pengine bado. Uwezo wa kisheria hupimwa kwa tendo na kwa siku yake: je, leo anaelewa anasaini nini, mali gani, na matokeo yake? Mtu anaweza kusahau alikula nini asubuhi na bado akajua vizuri kwamba nyumba ni yake na yako nusu kwa nusu. Mpelekeni kwa daktari, apate ripoti ya maandishi ya siku ileile au ya karibu sana. Aonane na wakili peke yake, wewe ukiwa nje ya chumba. Nje kabisa, si mlangoni.

Angalia pia hati ya uwakilishi. Ya kawaida hufa pale mtoaji anapopoteza uwezo wake, yaani inaisha wakati mnaihitaji kuliko wakati wowote. Nchi kadhaa, Uingereza ikiwa mojawapo, zina hati ya aina nyingine inayoendelea kufanya kazi baada ya hapo. Uliza kama nchi yenu inayo, na itengenezeni sasa. Isipokuwepo, mtalazimika kuiomba mahakama iteue msimamizi wa mambo yake. Ukiwa ndiye msimamizi na pia mmiliki mwenza, usijiuzie wala kujihamishia kitu bila idhini ya mahakama.

Ninaishi humo peke yangu. Mzazi anaweza kunidai kodi ya pango?

Kila mmiliki ana haki ya kutumia nyumba yote, kwa hiyo kuishi kwako si upangaji. Lakini ukimfungia nje, au ukipangisha vyumba na kula kodi yote peke yako, anaweza kudai sehemu yake. Ukibadilisha kufuli, mpe ufunguo siku hiyohiyo.

Na yeye anaweza kunifukuza?

Kama wewe ni mmiliki, si kwa neno la mdomo. Mahakama peke yake ndiyo inayoweza kumtoa mmiliki, na kwa sababu nzito kama vile vurugu. Kama hukuandikwa, huenda ukahesabiwa mgeni aliyekaribishwa, hata kama jasho lako liko kwenye kila tofali. Rudi kwenye swali la baba na nyumba uliyomjengea.

Nataka changu nijiondoe. Mzazi hataki kuuza.

Anza na mthamini asiye rafiki wa yeyote kati yenu. Mkishapata bei, kuna njia zisizomtoa mzazi nyumbani: akulipe fungu lako kwa awamu, ndugu yako alinunue, au ubaki mmiliki lakini mauzo yasubiri mpaka yeye ahame au afariki, na hilo liandikwe. Kama mazungumzo yanageuka kelele, tafuteni msuluhishi. Mtu mzima anayeheshimiwa na pande zote anaweza kufaa, mradi matokeo yaandikwe.

Njia ya mwisho ni kuomba mahakama igawe nyumba au iamuru iuzwe. Haki hiyo ipo karibu kila mahali. Kifungu cha 815 cha Sheria ya Madai ya Ufaransa kinasema waziwazi kwamba hakuna anayeweza kulazimishwa kubaki kwenye umiliki wa pamoja. Ila nyumba inayouzwa kwa amri, pengine kwa mnada, huenda ikapata bei pungufu, gharama za kesi zinatoka humohumo, na wewe ndiye utakayebaki unaitwa aliyeuza nyumba ya mama yake.

Mzazi anataka kuniongeza kwenye hati ili kukwepa usumbufu wa mirathi. Nikubali?

Usikubali siku hiyohiyo. Kuandikwa ni kupewa sasa, si baadaye. Kuanzia hapo hawezi kukuondoa bila sahihi yako, wadai wako wanaweza kulifuata fungu lako, na huenda kukawa na ushuru wa uhamisho leo au kodi kubwa zaidi siku ya kuuza. Wakati mwingine wasia ulioandikwa vizuri unampa anachokitaka bila hatari hizo. Mkiamua kuendelea, waambie ndugu zako kabla, si baada.

Nikifa mimi kwanza?

Swali hili huulizwa na wachache mno. Kwenye umiliki usiogawanyika, nyumba yote inabaki kwa mzazi, na watoto wako hawapati kitu humo. Kwenye mafungu, mzazi wako atajikuta anamiliki nyumba pamoja na mjane wako au wajukuu zake wadogo, ambao hawawezi kusaini mpaka wawe watu wazima. Andika wasia, na utaje fungu lako kwa namba ya hati.

Bima iko kwa jina la baba tu. Kuna shida?

Ipo. Nyumba ikiungua, kampuni inamlipa aliyetajwa kwenye mkataba. Ongezeni jina lako. Mara nyingi ni fomu moja tu.

Namwanzishiaje mzazi mazungumzo haya bila kuonekana nangoja afe?

Anza na ulinzi wake. "Mama, nikipata ajali kesho, nataka pasiwe na mtu wa kukusumbua humu ndani" ni mlango mzuri kuliko "tugawane". Peleka rasimu yenye haki yake ya kuishi imeandikwa juu kabisa, umsomee polepole, umwachie akae nayo. Wengine watakasirika. Mpe muda, urudi tena. Baadhi ya wazazi hupumua, kwa sababu wao pia walikuwa wanaliogopa jambo hili na hawakujua pa kuanzia.

Hati halisi ikae kwa nani?

Isikae kwa yeyote kati yenu peke yake kama kuna wasiwasi. Iwekeni kwa wakili au kwenye sanduku la benki, kwa maagizo ya maandishi kwamba itatolewa kwa sahihi za wote wawili. Kila mmoja abaki na nakala iliyothibitishwa, na matokeo ya upekuzi ya mwaka huu yabanwe nyuma yake.